Mbwa wa kwale: ushindi bila ndege wa pori ni ushindi gani?

Kwa zaidi ya miaka mia moja, mwezi wa pili ukifika, watu wa mbwa wamekuwa wakikusanyika karibu na mji mdogo wa Grand Junction, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Asubuhi mbwa wawili wanafunguliwa kamba kwa pamoja. Wanakimbia saa tatu nzima katika mashamba, vichaka na mabonde, wakitafuta ndege kwa pua. Nyuma yao wanakuja waongozaji wao, waamuzi na watazamaji, wote juu ya farasi, maana hakuna mtu anayeweza kufuata mbwa kama hao kwa miguu. Hayo ndiyo mashindano ya taifa ya mbwa wa ndege, yaliyoanza mwaka wa 1896. Mshindi anaandikwa kitabuni, na kama ni dume, watu wanatoka mbali kuleta majike yao ili wapate watoto wa damu yake.

Mchezo huo una heshima yake, na wengi wanaoucheza ni watu wa pori kweli kweli. Lakini kuna jambo moja wanalolizunguka kama vile mbwa anavyomzunguka nungunungu: ndege ambaye mbwa hao wanapimwa kwake anaendelea kuisha. Siku atakapoisha, kikombe kitabaki, farasi watabaki, makofi yatabaki. Kitakachokuwa kinapimwa hakitajulikana.

Kwa msomaji wa Congo, maneno "mbwa wa kuwinda" yanaleta picha nyingine. Katika msitu wa Ituri, Bambuti wanatandaza nyavu kati ya miti, na mbwa anaingia na kengele ya mbao shingoni ili asipotee, kwa sababu mbwa wa huko habweki kama mbwa wengine. Kazi yake ni kumsukuma mnyama mpaka wavuni. Ndiye huyo ambaye wazungu walimpa jina la basenji. Hakuna farasi, hakuna kikombe, na jioni ni nyama au njaa.

Kumbe mbwa wa ndege wa Ulaya naye alitoka kwenye wavu. Kabla bunduki haijawa kitu cha kila mwindaji, mbwa waitwao seta walifundishwa kulala chini mara wakinusa ndege majanini. Wawindaji walikuja polepole na wavu mkubwa, wakaufunika juu ya ndege, pengine na juu ya mbwa mwenyewe. Bunduki ilipofika, wavu uliachwa, lakini ile tabia ya kusimama kimya mbele ya harufu haikuachwa. Iliendelezwa katika seta na katika ndugu yake mwenye manyoya mafupi, pointa. Ndiyo inayoshindaniwa leo.

Ndege anayetafutwa kule Marekani ni kwale mdogo aitwaye bobwhite, jina linalotokana na mluzi wa dume wakati wa kutafuta mke. Uzito wake haufiki robo ya kilo. Wakati wa baridi wanaishi kwa makundi ya ndege kumi au kumi na tano, na usiku wanalala kwa duara, mikia katikati na vichwa nje, kila mmoja akilinda upande wake. Adui akikaribia sana, kundi lote linalipuka kwa mara moja, mabawa yanavuma, kila ndege anakwenda njia yake. Mtu ambaye hajazoea anaruka kwa hofu.

Mbwa akimnusa kwale, hatakiwi kubweka wala kuruka. Anaganda. Mguu mmoja unaweza kubaki hewani, mkia unasimama, macho hayapepesi. Mwongozaji anainua kofia yake juu ili mwamuzi aone. Anashuka farasi, anapita mbele ya mbwa, anawarusha ndege yeye mwenyewe kwa miguu yake, kisha anapiga bastola yenye risasi tupu. Ndege wanaondoka hai. Mbwa anatakiwa kubaki pale pale, hata kama kwale mmoja amepita karibu na pua yake. Akiwakimbiza, amekwisha: anafungwa kamba na kurudishwa nyumbani, hata kama alikuwa amefanya kazi nzuri saa mbili na nusu. Na mbwa mwenzake akimwona ameganda, naye anasimama alipo, ingawa hajanusa kitu, kwa kumheshimu aliyetangulia. Ni vigumu kumfundisha mtoto wa watu adabu hiyo, sembuse mbwa.

Mtu asiyejua mchezo anauliza: kama hakuna nyama, kazi yote hiyo ni ya nini? Jibu liko katika kile ambacho waamuzi wanatazama. Hakuna saa ya kupima mbio, hakuna hesabu ya magoli. Mbwa aliyepata makundi manane anaweza kushindwa na aliyepata matano, kama huyu wa pili alitafuta kwa akili zaidi na akamaliza saa ya tatu akiwa na nguvu zile zile za mwanzo. Sheria zinaruhusu waamuzi hata kukataa kutoa taji wakiona hakuna aliyestahili. Ndiyo maana ugomvi hauishi jioni, na kila mwenye mbwa ana kesi yake dhidi ya mwamuzi.

Lakini waamuzi wana haki ya kupima namna hiyo. Wanachopima si mbio wala pua peke yake, maana pua mbwa wengi wanayo. Wanapima kama mbwa anasoma pori: anajua kwamba asubuhi yenye ukungu kwale bado wako karibu na mahali walipolala, kwamba jua likipanda watatoka pembeni mwa shamba kuokota mbegu, kwamba upepo ukigeuka inafaa azunguke aje kutoka upande mwingine. Mbwa mjinga anakimbia kila mahali. Mbwa mwenye akili anaona kichaka kiko mita mia tatu, anakwenda moja kwa moja, na ndege wapo. Akili hiyo haiwezi kuonekana kama ndege hakuchagua mwenyewe mahali pa kukaa. Hapo ndipo penye shida yote.

Historia ya mchezo inaonyesha kwamba ndege wa pori ndiye aliyekuwa msingi. Mashindano ya kwanza yanayojulikana yalifanyika Uingereza mwaka wa 1865, mahali paitwapo Southill. Wakati huo maonyesho ya mbwa yalikuwa yameanza kupendwa, na mbwa walikuwa wakishinda kwa sababu ya sura: manyoya, kichwa, namna ya kusimama. Wawindaji waliona hatari. Mbwa mzuri wa macho angeweza kuwa bure porini, lakini watoto wake wangeuzwa kama dhahabu. Wakasema: twende shambani, tuone nani anafanya kazi. Marekani ilifuata mwaka wa 1874, karibu na Memphis, na mshindi alikuwa seta mweusi aitwaye Knight. Baadaye likaja taji la taifa. Jike mmoja, pointa Mary Montrose, alilitwaa mara tatu: 1917, 1919 na 1920. Seta, waliokuwa wafalme wa mwanzo, walisukumwa pembeni na pointa hata ikapita miaka 43 bila taji, kutoka Johnny Crockett mwaka wa 1970 mpaka Shadow Oak Bo mwaka wa 2013. Huyo Bo alirudia mwaka uliofuata, na wazee wengine walilia machozi.

Kuna watu ambao vitabu hivyo havikuwapa nafasi. Mbwa wa namna hii anaweza kupotea machoni, akaganda kichakani mbali na mwongozaji asimwone. Basi kuna msaidizi juu ya farasi, skauti, anayepita pembeni kumtafuta. Katika majimbo ya kusini, kwa miaka mingi kazi hiyo, pamoja na kazi ya kulea na kufundisha mbwa, ilikuwa mikononi mwa watu weusi waliofanya kazi katika mashamba ya matajiri wazungu. Ni wao waliojua kila kundi la kwale linalala wapi. Kikombe kilibeba jina la mwenye mbwa. Deni hilo halijalipwa, na wale waliokuwa na elimu hiyo kichwani wanazidi kupungua pamoja na ndege wenyewe.

Maana ndege wamepungua kweli. Hesabu zinazofanywa kila mwaka Amerika ya Kaskazini zinaonyesha kwamba kwale bobwhite wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1960. Wawindaji wengi wanapenda kulaumu mwewe, mbweha na paka. Wanyama hao wanakula kwale, ni kweli, lakini walikuwa wakimla hata wakati alipokuwa tele. Kilichobadilika ni ardhi. Mashamba madogo yenye kona za magugu na vichaka yaliunganishwa kuwa mashamba makubwa yanayolimwa mpaka ukingoni. Dawa zikaua magugu, na magugu yalipokufa wadudu wakaondoka. Mtoto wa kwale anapotoka kwenye yai ana ukubwa wa nyuki mnene, na majuma yake ya kwanza anaishi kwa wadudu. Tena, kuanzia miaka ya 1940, wafugaji walipanda nyasi za malisho zenye asili ya Ulaya zinazofunika udongo kama zulia. Ng'ombe wanazipenda. Mtoto wa kwale hawezi hata kupenya kati yake.

Uingereza, ambako mchezo ulizaliwa, nako hali ni ile ile. Kwale wa kijivu wa mashambani, ambaye pointa na seta wanapimwa kwake, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwisho wa miaka ya 1960. Utafiti wa miaka mingi huko Sussex ulionyesha njia ya kifo chake: dawa ya magugu, kisha ukosefu wa wadudu, kisha vifaranga kufa njaa. Nchi mbili, ndege wawili tofauti, ugonjwa mmoja.

Wenye mashindano walifanya nini? Wengi walitafuta njia fupi. Kwale wanafugwa katika mabanda kama kuku, wanaletwa ndani ya masanduku, wanawekwa vichakani asubuhi ya mashindano, na mbwa wanafunguliwa. Ndege hao hawajui mwewe ni nini. Wengine hawawezi kuruka vizuri, wengine wanakaa tu mpaka mtu awasukume kwa kiatu. Wanaoachwa porini, wengi wao wanakufa katika majuma ya kwanza. Na kibaya zaidi kwa mashindano yenyewe, mbwa mjanja anajifunza haraka sana: anafuata harufu ya mtu aliyepita kuwaweka, au alama ya magurudumu ya kigari chake. Anapata ndege, anaganda vizuri, watu wanapiga makofi. Lakini alichosoma si pori. Alisoma njia ya mfanyakazi.

Basenji wa Congo anaweza kuwafundisha kitu watu hao. Mwaka wa 1937 mbwa hao walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya Crufts, na watu walisongamana kuona mbwa asiyebweka. Miaka ya 1940 walikubaliwa katika kitabu cha mbwa wa Marekani. Mwaka wa 1987 na 1988 wapenzi wake walirudi mpaka kaskazini-mashariki mwa nchi kutafuta damu mpya, kwa sababu mbwa wa kule walikuwa wametokana na wazazi wachache mno. Na leo basenji huko ng'ambo anafanya nini? Anapimwa sura mbele ya meza, na siku ya mchezo anafukuza mfuko mweupe wa plastiki unaovutwa na kamba uwanjani. Mjukuu wa mbwa wa Ituri, anakimbiza mfuko! Mzee wa Mambasa akiona angecheka mpaka aanguke. Lakini angalau wenye basenji hawadanganyi: wanasema wazi kwamba ni mbio za mfuko, hawasemi ni uwindaji. Wale wanaotoa taji la ubingwa juu ya kwale wa banda hawana uwazi huo.

Wao wana utetezi, na si wote ni wa kupuuzwa. Wanasema klabu ndogo hazina ardhi kubwa wala feza. Wanasema mtu wa kawaida, fundi wa magari au mwalimu mwenye mbwa mmoja, hawezi kusafiri kilometa elfu kutafuta ndege wa pori, na bila kwale wa banda mchezo utabaki wa matajiri peke yao. Wanasema pia kwamba ndege wa kuwekwa wanaleta usawa, kwa kuwa kila mbwa anapata nafasi. Hoja ya kwanza na ya pili zina uzito. Kwa mafunzo ya mbwa mdogo, kwale wa banda anafaa sana, na klabu ya kijiji ina haki ya kufurahi Jumamosi yake. Hoja ya usawa ndiyo haisimami. Kumpa kila mbwa ndege wake ni kuondoa kazi ambayo mashindano yalianzishwa ili kuipima. Ni kama kumpa kila mvuvi samaki mmoja mkononi, kisha kushindanisha nani anamshika vizuri.

Njia nyingine ipo, na imejulikana kwa karibu miaka mia. Mwaka wa 1924 mtaalamu wa ndege Herbert Stoddard alitumwa kuchunguza kwale katika eneo la mashamba kati ya Thomasville, Georgia, na Tallahassee, Florida. Wakati huo wakubwa wa misitu wa serikali ya Marekani walikuwa wakihubiri kwamba moto ni adui, usiwashwe kabisa. Stoddard aliona kinyume chake. Mahali palipochomwa kwa utaratibu, majani yalikuwa mafupi, udongo ulionekana, mbegu na wadudu walikuwepo, na kwale walikuwepo. Mahali palipokatazwa moto, vichaka vilifunga na ndege wakaondoka. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1931 na kiliwaudhi wengi. Kituo cha utafiti cha Tall Timbers, kilichoanzishwa mwaka wa 1958 katika eneo hilo hilo, kimeendelea na kazi yake. Mpaka leo, pale wanapochoma vipande vipande kila mwaka mmoja au miwili, kwale wa pori bado ni wengi, wakati jirani zao wamebaki na hadithi za mababu.

Watu wa Katanga wanaochoma majani mwanzoni mwa kiangazi, kabla hayajakauka sana, hawahitaji kueleweshwa tofauti kati ya moto wa mapema na moto wa mwisho wa kiangazi unaoua miti. Ni elimu ambayo wakulima wengi wa Afrika walikuwa nayo na ambayo mara nyingi waliadhibiwa kwa kuwa nayo.

Ugumu ni kwamba mashamba hayo ya Georgia na Florida ni mali ya matajiri. Kwale wa pori amesalia kwa sababu mtu mwenye pesa nyingi anapenda mbwa wake waganda mbele ya ndege wa kweli, akalipa watu wachome, wakate miti, waache kona za shamba bila kulimwa. Mtu anaweza kuchukia jambo hilo, na ana sababu. Lakini linaonyesha kitu cha manufaa: ndege anarudi pale mtu anapolipia makazi yake. Serikali za majimbo na wakulima wa kawaida wameanza pia, kwa kung'oa zile nyasi za kigeni na kurudisha nyasi za asili pembeni mwa mashamba. Kazi inakwenda polepole, na pesa hazitoshi.

Wenye mashindano wana pesa. Mbwa mmoja mwenye jina anagharimu kuliko gari. Kuna malipo ya mfundishaji wa kila mwezi, farasi, matrela ya kuwabebea, safari ya kwenda nyanda za kaskazini wakati wa joto ili mbwa azoeshwe, ukanda wa setelaiti wa kumtafuta akipotea. Kila anayeingiza mbwa analipa ada. Sehemu kubwa ya ada hiyo ingeweza kwenda moja kwa moja kwenye ardhi ya eneo ambako mashindano yanafanyika, kwa mkataba na wakulima wa hapo, si kwenye vikombe na karamu. Na jina la bingwa litolewe tu pale ambapo ndege walizaliwa porini. Klabu zinazotumia kwale wa banda ziendelee, zipewe jina lao na kitabu chao, bila aibu.

Kuna hatua hata rahisi kuliko hiyo, isiyohitaji pesa yoyote. Magazeti ya mbwa yana desturi nzuri ya kuandika ripoti ndefu za kila mashindano: mbwa fulani alipata kundi la kwanza dakika ya 14, la pili dakika ya 52, akaganda vizuri, au alisogea kidogo bastola ilipolia. Juu ya kila ripoti iongezwe mistari miwili: makundi ya kwale wa pori yaliyoonekana siku hiyo ni mangapi, na mwaka uliopita katika njia hiyo hiyo yalikuwa mangapi. Mwamuzi yupo pale juu ya farasi, ana kalamu mfukoni, na tayari anahesabu.